Sista Aliponiambia "Regea"

Kabla kidonda hakijatokea, mimi hujua. Paja la kushoto huanza kuwasha kidogo, kisha ule mwasho unageuka kuwa moto unaoshuka polepole hadi mahali ambapo mwanamke hapataji mbele za watu. Siku ya pili malengelenge madogo yanatokea, yamekusanyika kama punje za wimbi. Siku ya tatu yanapasuka, na kuanzia hapo kwenda haja ndogo ni kuuma meno. Baada ya siku kumi hivi ngozi inakuwa safi kabisa, hata mimi mwenyewe siwezi kuonyesha palipokuwa na kitu. Halafu naanza kungoja tena.

Huko kungoja ndiko kulikonifanya niandike. Maumivu mtu huyazoea, akijua yana mwisho wake. Ila hofu ya kuyangoja ilikaribia kunimaliza, na ninaamini kuna wanaosoma hapa, wanawake na wanaume, ambao asubuhi ya leo wamefunga mlango na kujikagua kwa kioo cha mkononi. Mimi ni fundi wa kushona nguo. Sitaeleza virusi hivi hujificha wapi mwilini, kwa sababu nilielezwa mara tatu na mara zote tatu nikasahau. Nitaeleza yaliyonipata.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea kuisha. Nilikuwa nimeolewa na Wafula, fundi wa matrekta, na tulipanga vyumba viwili Kitale. Yeye alishinda karakana, mimi nilishinda na cherehani yangu kwenye veranda ya duka moja mjini, nikishona sare za shule. Mimba yetu ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa nane, mahindi yako magotini na watu wote wako shambani wanapalilia, nilipopata homa ambayo haikuwa malaria. Mitoki ilivimba kinenani. Vidonda vikaja vingi kwa pamoja, na kwa siku tano sikuweza kukalia kiti cha cherehani.

Nilienda kliniki. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa saba, nikiwa nimeegemea upande mmoja, na muda wote huo nilikuwa najizoeza kimoyomoyo namna nitakavyosema. Nilipoingia nikamkuta nesi ni kijana wa kiume. Mlango ulikuwa wazi, na mama mmoja ambaye nilimshonea watoto wake sare alikuwa amesimama palepale anangoja zamu yake. Nikasema tumbo linaniuma. Kijana akanipa dawa ya tumbo, nikamshukuru, nikaenda nyumbani.

Naomba msomaji asipite hapo haraka. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na nafasi, na nikasema tumbo.

Nilijifungulia Misikhu, nyumbani kwa mama mkwe. Alikuwa msichana, tukamwita Naliaka, jina la watoto wa msimu wa kupalilia. Wiki nzima alinyonya vizuri. Siku ya nane akaacha. Siku ya tisa nikaona malengelenge juu ya kichwa chake, karibu na jicho, madogo, yamekusanyika. Niliyajua. Tulimkimbiza hospitali, lakini siku ya kumi na moja alifariki, na hapakuwa na mtu aliyeweza kutuambia ni nini kilichomchukua. Mama mkwe ndiye aliyemwosha kabla ya kuzikwa.

Lazima nimweleze huyu mama. Ni mtu wa kanisa kwelikweli, na hajui kusema uongo hata ule mdogo wa adabu. Mgeni akimwuliza kama amefurahi kumwona, yeye anafikiri kwanza. Katika kikundi chao cha maombi mtu aliyetenda jambo husimama mbele ya wenzake akalisema lote, na mama mkwe ndiye huwaambia wasimame. Tulipomaliza kumzika Naliaka alikaa na wanawake jikoni, akasema kwamba mwenye kitu moyoni akitoe ili tuombe pamoja. Akaniangalia mimi. Nikasema sina kitu, na nikaendelea kuchambua maharagwe ya wageni.

Vile vidonda vikawa vinarudi. Mwezi baada ya mwezi, wakati mwingine kabla sijamaliza kupona vile vya mwanzo. Nilijaribu kuketi kwenye beseni la maji ya chumvi. Nilipaka ile dawa ya zambarau hadi nguo zangu zote za ndani zikawa na madoa. Nilidungwa sindano za penisilini na mtu wa duka la dawa, ambaye aliniuliza maswali machache kuliko nilivyostahili kuulizwa. Nilianza kujikagua asubuhi, kisha asubuhi na jioni, kisha kila nilipopata dakika moja peke yangu. Nikishona suruali nilikuwa nasikiliza paja langu. Wateja walinikuta nimekanyaga cherehani hadi nje ya kitambaa.

Mwishowe nilienda kwa daktari mmoja mjini Kitale ambaye mlango wake ulikuwa unafungika. Yeye ndiye aliyeniambia jina: herpesi. Nikalibeba hadi nyumbani, nikampa Wafula. Huko karakana walikuwa wamemzika mwenzao mwaka ule, mtu aliyetokewa na mkanda wa jeshi mbavuni na baadaye akakonda hadi akaisha, na kila mtu Kitale alijua maana yake. Wafula alikuwa amesikia kwamba jina la Kizungu la mkanda wa jeshi ni hilohilo, herpesi. Aliniangalia, hakugomba. Alichukua blanketi lake akahamia kwenye kochi.

Tulipimwa damu wote wawili. Majibu yalikaa wiki nyingi kurudi, na katika wiki hizo tulikuwa tukipishana mlangoni kwa adabu ya watu wasiojuana. Kila mmoja alikuwa ameshamhukumu mwenzake. Majibu yalipokuja daktari alituambia kwamba hatuna ukimwi, kwamba huu wetu ni ugonjwa mwingine wenye jina la ukoo mmoja na mkanda wa jeshi, na kwamba mtu anaweza kuubeba miaka mingi bila kujua. Hakuna atakayewahi kujua ni nani aliyeuleta nyumbani. Wafula alirudi kitandani, lakini kwa muda mrefu alilala akiangalia ukuta, na mimi pia.

Halafu daktari akaniuliza kama nimewahi kupoteza mtoto. Nilimweleza. Aliweka kalamu chini. Alinieleza taratibu, na sitarudia hapa maneno yake, ila aliyoyasema mwishoni nayakumbuka yote. Nikipata mimba tena, nimwambie kila atakayenizalisha. Siku ya uchungu, kama kuna kidonda au hata ule moto wa kwanza, mtoto asipitie njia ya kawaida; nipasuliwe. Hatari safari hii ni ndogo kuliko ya kwanza, alisema, lakini tusiichezee. Nilitoka pale nikajua kwamba mwanangu aliingiwa na ugonjwa kupitia kwangu, na kwamba wa pili anaweza kuupata vilevile. Siku tatu baadaye vidonda vikarudi.

Daktari huyo ndiye aliyenituma kwa Sista Wangari. Aliona kwamba hofu yangu ilikuwa inavileta vidonda na vidonda vinaileta hofu, na dawa ya kukata huo mzunguko hakuwa nayo kwenye kabati lake.

Sista Wangari alikuwa nesi wa wagonjwa wa akili aliyestaafu, Mkikuyu, mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wawili Saboti. Alikuwa amesomea ng'ambo namna ya kumtuliza mtu kwa maneno hadi akawa kati ya kulala na kukesha. Alikuja kliniki siku mbili kwa wiki, na watu walimwita mama wa kulaza watu. Benchi la kumngojea lilikuwa lilelile la wagonjwa wa akili. Mwanamume mmoja pale alikuwa akinisalimia kila baada ya dakika tano kana kwamba ndio kwanza nimefika, nami nilimwitikia kila mara. Wateja wangu niliwaambia nina presha. Kuonekana mwendawazimu kulikuwa nafuu kuliko ukweli.

Siku ya kwanza niliogopa kuliko siku ya kuchukua majibu ya damu. Kanisani tulikuwa tumeonywa tusimkabidhi mtu akili zetu. Sista alinikalisha kwenye kiti katika kichumba walichowekea mashuka, akaniambia nitazame kichwa cha msumari uliokuwa ukutani hadi macho yachoke. Nilifumba jicho moja, lile lingine nikaliacha wazi kidogo nimwone anafanya nini. Alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, anaongea. Sauti yake ilikuwa nzito na haina haraka. Alihesabu, akasema miguu yangu ni mizito, mabega yangu ni mazito. Kisha akaanza kusema neno moja akilirudia rudia kila nilipotoa pumzi: regea, regea, regea porepore.

Nilitoka pale nikiwa nimelegea kweli, nikalala vizuri siku mbili. Siku ya nne moto ukashuka pajani.

Niliporudi mara ya pili alisema vilevile, regea, na wiki hiyo nikapata vidonda vibaya kuliko vya miezi mingi. Sasa nikaanza kulifikiria hilo neno. Kanisani kwetu mhubiri anapowaita waliopotoka husema regea, regea kwa Bwana. Ni kumwita mtu aliyekwenda arudi. Ugonjwa wangu ulikuwa wa kurudi, na huyu mama alikuwa ananilaza ili auite. Kila nilivyofikiri ndivyo nilivyoona mambo yanaingiana. Shingo ilikuwa inanisisimka nikiwa nashona mchana kweupe, watu wamejaa barabarani.

Nilimweleza Wafula. Aliniuliza kama nina hakika ndilo neno. Nikamwambia ndilo. Akasema nisirudi huko. Lakini nilifikiri, kama ameuita basi yeye ndiye anayejua kuufukuza, na nikarudi mara ya tatu kumwomba anifungue. Nilikataa kuketi. Nilisimama kando ya mashuka nimeshika mkoba kifuani.

"Sista, nimekuja uniachilie," nikamwambia. "Hii kitu umeita, tafadhali ifukuze."

"Nimeita kitu gani?"

"Ugonjwa. Si ukinilaza unasema regea? Unauambia urudi, na unarudi."

Alinitazama muda mrefu. Kisha nikaona anaelewa, na ule uso wake mkubwa ukaanza kukunjika. Alivua miwani. Alicheka hadi akashika ukuta, na alipopata pumzi akatafuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa na kunionyesha: LEGEA.

"Regea," akasema, akigonga ile karatasi kwa kidole. "Mwiri uregee. Kwani wewe umesikia nini?"

Niliketi bila kuambiwa. Mimi ni mtu wa Bungoma, ambako tunaita lori rori na redio ledio na hatuoni haya, na sikuwahi kufikiri kwamba Mkikuyu naye ana ugomvi wake na herufi hizohizo. Miezi miwili nilikuwa nimetetemeka kwa ajili ya ulimi wa mtu. Nilicheka na nikalia, vyote kwa pamoja, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kulia mbele ya mtu tangu tumzike Naliaka.

Sista alisema hilo neno tulitupe. Tukaanza kutafuta jingine. Nikapendekeza tulia, akasema turia, tukaliacha. Lala likawa rara. Pole likawa pore. Mwisho akaniuliza wanawake wa kwetu wanapotoka soko la Misikhu na mzigo kichwani, wakifika wanasema nini. Nikamwambia wanaomba mtu awatue. Akalijaribu mdomoni: tua. Likatoka safi. Tangu siku hiyo nikitoa pumzi alisema tua, na mimi nilikuwa nauona mzigo mzima unateremka, vitenge, mkungu wa ndizi, vyote.

Alinifundisha pia kazi ya mkono. Nikishatua, aliniambia niutie mkono wa kulia ndani ya maji ya mto unaotoka Mlima Elgon, yale yanayouma mifupa. Nilikuwa nakaa na mkono huo ndani ya maji ambayo hayapo hadi ukafa ganzi kweli. Kisha niuweke juu ya paja, ganzi iingie pale penye moto. Nikawa nafanya hivyo nyumbani mchana, kabla ya Wafula kurudi, nikiwa nimefunga mlango. Mwanzoni nilijiona mjinga.

Sitaki mtu aseme nimeandika kwamba herpesi inaponywa kwa maneno. Haiponi. Ninayo hadi leo. Lakini vidonda vya kila mwezi vikawa vya baada ya miezi mitatu, kisha minne, na vikija nilikuwa na la kufanya zaidi ya kuogopa. Niliweka kile kioo cha mkononi juu ya kabati. Wafula alikuja kliniki mara moja, akakaa kwenye benchi, akasalimiwa na yule mwanamume wetu mara sita. Tulipotoka alicheka njia nzima, na wiki hiyo aligeuka kitandani akaniangalia mimi badala ya ukuta.

Msimu wa mahindi mabichi nikashika mimba.

Hofu ilirudi na nguvu mpya. Safari hii haikuwa hofu ya maumivu, ilikuwa na uso wa mtoto na malengelenge karibu na jicho. Sista alinifanyia kazi kila wiki. Tulikubaliana kwamba nitajifungulia Kitale, kwa daktari aliyenijua, na Sista mwenyewe atakuwa kando ya kitanda. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye kadi yangu. Kwa hiyo nilikuwa naogopa, lakini nilikuwa na mahali pa kushika.

Kisha mavuno yakaisha na nyumba zikaanza kuchomwa. Ulikuwa ule mwaka wa vita vya mashamba, makabila yakifukuzana. Tulianza kuona moshi upande wa Saboti, na watu wa Cheptais wakipita na magodoro vichwani, Wabukusu wenzetu na Wakikuyu, kila mtu na alichoweza kubeba. Siku ya zamu yake Sista hakuja kliniki. Wiki iliyofuata pia hakuja. Nilimtafuta, tumbo likiwa mbele yangu, nikamkuta kwenye uwanja wa kanisa moja mjini, amekaa juu ya gunia katikati ya mamia ya watu. Nyumba yake ilikuwa imeungua. Ng'ombe hakujua waliko. Nilianza kumpa pole, akanikatiza, akaniuliza mimba ina miezi mingapi.

Alinifanyia kazi palepale, juu ya gunia, watoto wanalia na wanawake wanagombania sufuria. Sikuamini ingewezekana, lakini iliwezekana. Nilipofumbua macho alikuwa amenishika mkono.

"Kesho tunaenda Nakuru kwa dada yangu," akasema. "Mimi sitakuwa hapo siku yako. Sasa sikia. Hii kazi tumefanya si ya kufukuza kidonda tu. Ni ya kukupa sauti. Siku hiyo ukisikia moto, utasema. Hata kama ni mbere ya nani."

Nilimwahidi. Sikumwona tena.

Wafula aliona Kitale hapafai kwa mwanamke mjamzito, akanipeleka Misikhu kwa mama yake. Kwa haraka ya kuondoka kadi yangu ilibaki kwa daktari, na nilipokumbuka, kliniki ilikuwa imefungwa. Sasa nilikuwa kwenye nyumba ileile, kwa mama yuleyule, na siri yangu. Alinitunza vizuri sana. Alinipikia uji, alinizuia kuinua ndoo. Kila alipokuwa mwema nilizidi kumwogopa. Nilikuwa namwona akiwaambia wenzake wa maombi kwamba mkwe wake aliuficha ugonjwa wa aibu na ukamuua mjukuu wake, na kwangu haukuwa uongo.

Mvua za kwanza zilinyesha, watu wakaanza kupanda. Asubuhi moja, saa tatu hivi, nilikuwa nafagia mlango wa jikoni nikasikia uchungu wa kwanza. Nikauegemea ukuta hadi ukapita. Na ulipopita nikasikia kile kingine, kidogo, nilichokijua vizuri. Paja la kushoto lilikuwa linawaka.

Nilijiambia ni uchungu tu. Nilijiambia hivyo njia nzima hadi hospitali mjini Bungoma, kwenye pikapu ya jirani, mama mkwe akiwa amenishikilia kiuno. Chumba cha kuzalia kilikuwa na vitanda vitatu. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo, mchangamfu, akanipima akasema njia inafunguka vizuri, nitazaa kabla ya saa kumi. Vidonda vilikuwa havijatokea, kwa hiyo hakuona kitu. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti karibu na kichwa changu, na alikataa kutoka.

Nilingoja atoke. Nilingoja aende kunywa chai, aende kuomba, aende popote. Uchungu ulikuwa unakaribiana na yeye haondoki. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiri, huenda si kitu, huenda safari hii mtoto akapita salama, daktari mwenyewe alisema hatari ni ndogo. Niliogopa hadi meno yakagongana, nesi akadhani nasikia baridi akanifunika shuka.

Nikafumba macho nikatoa pumzi mara tatu, nikifanya kama nilivyofundishwa. Hofu haikuondoka. Ilishuka kiasi cha sauti kupita juu yake.

"Sista," nikamwita nesi. "Mimi nina ugonjwa wa malengelenge sehemu za siri. Unaitwa herpesi. Nasikia unaanza sasa. Daktari wa Kitale alisema nikiwa hivi, mtoto asipite huko. Wa kwanza alikufa nao."

Nesi aliinua shuka akanikagua tena. Akaanza kusema kwamba haoni kidonda chochote. Mama mkwe alikuwa amesimama. Nilimsikia kabla sijathubutu kumwangalia.

"Hizo malengelenge," akasema, "ni kama zile za Naliaka? Za hapa kwa kichwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua niko nazo. Niliogopa kusema."

Sijawahi kuona uso ukifanya vile ulivyofanya uso wake. Aliangalia mikono yake. Kisha akamgeukia nesi, na sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Mimi ndio niliosha ule mutoto. Nimeona na hii macho. Sasa munangoja nini? Ita dakitari."

Waliita daktari. Aliniuliza maswali mawili, akasema nitayarishwe. Nilipasuliwa saa nane mchana. Nilipozinduka waliniambia ni msichana, na mvua ilikuwa inapiga mabati, kwa hiyo jina lake lilikuwa limeshajulikana: Nafula. Malengelenge yangu yalitokea kesho yake, jinsi yanavyotokea siku zote. Mtoto walimkagua kila siku, kichwani, machoni, mdomoni, kwa wiki nzima na zaidi. Siku ya kumi na moja sikula chochote, nilimtazama tu akipumua. Hakuwa na kitu.

Mama mkwe aliniosha kitandani siku zote hizo, akanibadilisha nguo, akanichanua nywele. Kuhusu lile jambo hakusema neno. Sikuweza kumwomba msamaha kwa sababu kila nilipofungua mdomo alinipa uji. Nikajua anaisubiri Jumapili ya shukrani kwa ajili ya mtoto, asimame aseme yote mbele ya kanisa.

Ilifika. Kanisa la Misikhu lilijaa, kwa sababu habari ya mimi kupasuliwa ilikuwa imezunguka, na siku zile mwanamke wa kijijini kupasuliwa kulikuwa na maneno yake. Wanawake wa kikundi cha maombi walikuwa wameketi mstari wa mbele. Mama mkwe aliitwa aseme. Nilikuwa nimembeba Nafula, na mikono ilikuwa imekufa ganzi bila maji ya mto wowote. Wafula alikuwa upande wa wanaume, ameinamisha kichwa. Mmoja wa wale wanawake akamwuliza waziwazi, dada, mkwe wako alikuwa na shida gani hata akapasuliwa.

Alimwangalia aliyemwuliza. Nilijua anafikiri, kama anavyofikiri siku zote.

"Mutoto alikuwa amelala vibaya kwa tumbo," akasema. "Alilala kando. Hakuna kitu ingine."

Wakapiga makofi, wakaanza wimbo. Yeye akarudi kwenye benchi akaketi kando yangu, akiangalia mbele. Alinyoosha mikono nimpe mtoto, nami nikampa.